Mjadala: Data za utafiti uliolipiwa na kodi zifunguliwe lini?

Mkutubi wa Morogoro

Naweka hoja mezani. Utafiti ukilipiwa na fedha za umma, iwe ni MTUSATE (mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia) kupitia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) au fungu la chuo, makala isomeke bure siku inapotoka na data ziwekwe wazi siku hiyohiyo. UNESCO ilipitisha Pendekezo la Sayansi Huria Novemba 2021. NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, inadai mpango wa usimamizi wa data tangu tarehe 25 Januari 2023, na miswada ya makala inayokubaliwa na majarida kuanzia Julai 2025 inafunguliwa siku makala inapochapishwa.

Na wasije watu na hoja ya ada ya kuchapisha makala ya kusomeka bure. Ada ni kubwa kweli: Nature ilipotangaza yake mwaka 2020 ilikuwa euro 9,500, na misamaha inayotolewa kwa nchi zetu mara nyingi haiyagusi majarida mseto (yenye makala za kulipia na za bure pamoja). Lakini njia ya bure ipo. Chukua muswada uliokubaliwa baada ya mapitio, kabla mchapishaji hajaupanga kurasa, uweke kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo. Watu hukosea hapo kwa kupakia PDF yenye nembo ya jarida. Mchapishaji analalamika, faili inaondolewa, kisha lawama zinakwenda kwa maktaba. Soma sera ya jarida kwanza kwenye Open Policy Finder (zamani Sherpa Romeo), tovuti inayoorodhesha sera za majarida. Kama kuna zuio la miezi 6 au 12, andika tarehe hiyo kwenye DSpace, programu inayoendesha hifadhi nyingi za vyuo, wakati wa kupakia, faili itafunguka yenyewe.

Mtafiti wa Mbu

Kwa makala sina ubishi, Mkutubi. Kwa data siko nawe. Timu inakesha kijijini misimu miwili ya mvua ikikusanya mbu, halafu kundi la ughaibuni lenye wanatakwimu watano linapakua faili na kutoa makala tatu kabla mwanafunzi wetu wa uzamili hajamaliza sura ya pili. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa anayekula kivulini hakuwahi kuliona jua. Leseni huria ya CC BY inamtaka amtaje mwenye data, basi. Haimlazimishi kumshirikisha.

Nadai miaka miwili baada ya ukusanyaji kuisha.

Mtakwimu

Mnagombania tarehe ya kufungua faili ambazo nyingi hata zikifunguliwa leo hazisomeki. Mtafiti wa Mbu, nichukue mfano wa fani yako. Karatasi ya kukusanyia inasema "saa 4". Mkusanyaji ameandika kwa saa zetu, yaani saa 4 usiku. Anayeingiza kwenye kompyuta anapiga 04:00 badala ya 22:00. Sasa mbu waliokuwa wakiuma kabla watu hawajaingia kwenye vyandarua wamegeuka mbu wa alfajiri, wakati watu wamelala ndani ya neti. Hitimisho zima kuhusu neti limepinduka kwa saa sita, na hakuna programu itakayokuonya kwa sababu 04:00 ni saa halali. Dawa yake ni kwenye fomu: weka saa 24 na orodha ya kuchagua (18–19, 19–20, hadi 05–06), usiache nafasi ya kuandika.

Mengine yanayoharibu faili kila siku: namba ya kaya 007 inafunguliwa kwenye Excel inakuwa 7, ikiunganishwa na faili nyingine haipati mwenzake. Tarehe 03/04/2023 kompyuta moja inasoma Aprili, nyingine Machi, andika 2023-04-03. Umri usiojulikana umeandikwa 99, mtu anapiga wastani bila kusoma kamusi ya data, ghafla kijiji kimejaa wazee. Tena mara nyingi kamusi yenyewe haipo.

Kwa hiyo kifurushi cha chini kabisa ni hiki: data ghafi ambayo haiguswi, data iliyosafishwa katika CSV ya UTF-8 (jedwali la maandishi matupu), skripti (amri za kompyuta) inayotoka ya kwanza kwenda ya pili, kamusi ya data (jina la safu, maana yake, kipimo, thamani zinazoruhusiwa, alama ya kilichokosekana), na faili ya SOMA KWANZA. Anayesubiri makala ikubaliwe ndipo aanze kuvitengeneza amechelewa, maana aliyejua "saa 4" ilikuwa ipi mkataba wake umekwisha na simu haipatikani.

Mjumbe wa Kamati ya Maadili

Mnaongea kana kwamba data ni za mtafiti na mfadhili tu. Vipi aliyetoa damu na majibu? Fomu nyingi za ridhaa bado zina sentensi "taarifa zako zitaonwa na watafiti wa mradi huu pekee". Ukishaandika hivyo huna ruhusa ya kuziweka wazi, hata mfadhili akinuna. Sentensi ibadilishwe kabla ya kwenda uwandani, na mshiriki apewe kisanduku cha kukubali au kukataa data zake kutumika katika utafiti mwingine.

Halafu kufuta jina si kuficha utambulisho. Kata moja, mwanamke, miaka 41, mapacha watatu, mwalimu: jirani yeyote anamjua. Tafuta michanganyiko inayobakiza watu wachache kuliko watano, kisha weka umri kwa makundi au panda kutoka kata kwenda wilaya. Kwa GPS, tafiti za DHS (za hali ya watu na afya) zinahamisha kituo cha eneo la mjini kwa hadi kilomita 2, cha kijijini hadi kilomita 5, na asilimia 1 ya vijijini hadi 10. Mradi mdogo unaweza kuiga utaratibu huo, mradi uandike umehamisha kwa kiasi gani. Vinginevyo mwingine atapima umbali hadi zahanati na kupata upuuzi.

Na sheria. Zenodo, hifadhi ya data ya mtandaoni, iko chini ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya kilichopo Geneva, kwa hiyo kupakia ni kusafirisha nje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti juu ya hilo. Data za afya zinahitaji pia makubaliano ya kuhamisha data kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. "Siku hiyohiyo" ya Mkutubi haiwezekani kama makubaliano hayo yanaanza kuombwa siku makala inakubaliwa.

Mwanahifadhi, Nairobi

Hifadhi zenyewe je? Tazameni kiungo cha kudumu cha hifadhi nyingi za vyuo huku kwetu: utaona 123456789 kabla ya mkwaju. Hiyo ni namba ya mfano inayokuja na DSpace. Maana yake chuo hakikusajili kiambishi chake (namba ya mbele) kwa Handle, mfumo wa viungo vya kudumu, ada ambayo ni dola 50 kwa mwaka. Siku seva ikihamishwa au anwani ikibadilika, viungo vyote vilivyonukuliwa vinakufa. Mnadai uwazi wa milele juu ya mradi ambao mfadhili akiondoka hata umeme wa seva haulipwi.

Mkutubi wa Morogoro

Haya, narekebisha, ila siendi kwenye miaka miwili. Siku ya makala kutoka, rekodi ionekane: kichwa, kamusi ya data, namba ya DOI (kitambulisho cha kudumu cha mtandaoni), na jina la ofisi ya kuombea. Faili zenyewe zinaweza kufungwa. Zenodo inaruhusu rekodi wazi yenye faili zilizozuiwa, au zuio lenye tarehe. Data zisizohusu watu (mvua, udongo, mavuno ya shamba la majaribio) zifunguke papo hapo. Mtafiti wa Mbu apewe miezi 12, na aandike mapema uchambuzi gani ameutenga kwa ajili ya wanafunzi wake.

Mtafiti wa Mbu

Miezi 12 naimeza kwa shida. Ila nani anamlipa msimamizi wa data? Kundi la wataalamu wa EOSC, mpango wa wingu la sayansi huria huko Ulaya, lilipendekeza mwaka 2016 wastani wa asilimia 5 ya matumizi ya utafiti. Fomu zetu za bajeti zina mstari wa posho, mafuta na vitendanishi. Mstari wa data haupo, na ukiuongeza mkaguzi anauliza ni nini.

Mtakwimu

Basi tuanzie hapo. Mfadhili aweke mstari huo kwenye fomu yake mwenyewe, na awamu ya mwisho ya fedha itoke baada ya mtu asiye wa mradi kufungua kifurushi, kuendesha skripti na kupata jedwali la kwanza la makala. Kwa faili ndogo ni kazi ya siku moja.

Mjumbe wa Kamati ya Maadili

Mtu huyo naye asaini kiapo cha usiri, kama kifurushi kina data ghafi.

Mtafiti wa Mbu

Na awekewe muda wa kujibu. Fedha ya mwisho ndiyo inayolipa wakusanyaji.