Gundi ya kuziba pafu inabanduka tishu ikilowa, niongeze jelatini?

Benchi_la_Jeli: Wakuu, natumia jelatini-methakriloili (jelatini inayoganda kwa mwanga) 10%, LAP (kemikali ya kuanzisha kuganda huko) 0.25%, mwanga wa nm 405 kwa sekunde 60. Kwenye utando mkavu wa kolajeni inang'ang'ania. Kwenye pafu bichi la nguruwe inatoka nzima kama utando wa maziwa. Nipandishe hadi 20%, au nihamie sianoakrilati (jamii ya "super glue")?

Polima_TZ: Usipandishe, mkuu. Ingekuwa dhaifu ingechanika katikati. Ikitoka nzima, tatizo liko pale inapokutana na tishu: kuna maji katikati, na hakuna kifungo cha kikemia. Kwa 20% utapata jeli ngumu zaidi. Pafu likijaa hewa linatanuka, jeli inagoma, kingo zinaanza kuachia.

Angalia tepu ya Yuk na Zhao wa MIT (2019). Ni asidi ya poliakriliki yenye esta za NHS (vikundi vya kikemia vinavyoshika protini), na huwekwa ikiwa kavu. Yenyewe inanyonya maji ya juu ya tishu, unabonyeza sekunde 5, kisha esta zinajifunga na amini za protini. Wengi huharibu kwa kuacha esta ndani ya bafa (maji ya chumvi yanayoshikilia pH), ambako maji huzivunja: kwenye pH 8.6, hata kwa nyuzi 4, nusu yake imekwisha baada ya dakika 10 hivi. Ikaushe mara moja, uitunze pasipo unyevu.

Mshono: Sianoakrilati ndani ya kifua sahau. Zenye mnyororo mfupi huvunjika haraka na kutoa fomalidehaidi, na zikiganda hutoa joto. Ya oktili, yenye mnyororo mrefu, iliyoidhinishwa Marekani 1998, ni ya kufungia ngozi kwa juu. Gundi za albumini na glutaraldehaidi nazo hushika kweli, ila ni ngumu mno, hata kwenye mishipa ya damu. Mshipa wa mtoto unakua, gundi haikui.

Polima_TZ: Na usipime ikiwa mbichi tu. Loweka kwenye PBS (maji ya chumvi yanayofanana na ya mwili) nyuzi 37 kwa saa 24, pima uzito kabla na baada, ndipo upime shinikizo la kupasuka (kwa kipimo sanifu cha ASTM F2392). Jeli nyingi hupendeza dakika ya kwanza, kisha huvimba na kujibandua zenyewe.

Benchi_la_Jeli: Shukrani wakuu. Kuua vijidudu je, otoklevu (mvuke wa moto wenye shinikizo) inafaa?

Mshono: Nyuzi 121 zitakatakata jelatini, haitaganda vizuri tena. Ichuje ikiwa ya moto, nyuzi 40 hivi, kwa kichujio cha µm 0.22, kabla ya kuikausha. Asidi ya methakriliki iliyobaki kwenye jelatini uitoe kwa dayalisisi (kuichuja kwa utando ndani ya maji) kwanza, la sivyo kipimo cha sumu kwa seli (ISO 10993-5) kitakuangusha: seli hai zikishuka chini ya 70%, umefeli.