Marejesho ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) mwezi wa tano sasa, yamekwama wapi?

KahawaChungu
Wakuu habari za jioni. Nina kijikarakana hapa Pasua, Moshi. Nakaanga kahawa, nasaga, nafunga. Zaidi ya nusu ya mauzo yanakwenda Ujerumani, na kwa mauzo ya nje VAT yetu ni 0%. Iliyobaki nauzia hoteli za huku na Arusha. Vifungashio, maboksi, umeme, vyote nalipia 18%, kwa hiyo mimi ndiye ninayedai. Niliomba milioni 6.3 mwezi wa pili. Ritani (taarifa ya VAT ya kila mwezi) sijawahi kuchelewesha, tarehe 20 hunikuta nimeshatuma. Nikiulizia TRA (mamlaka ya mapato) naambiwa "lipo kwenye uhakiki". Shemeji yangu anasema nitafute mtu anayemjua mtu. Mimi nataka kwanza kujua kosa liko kwangu au kwao.

Kiboriloni1
Ungekuwa unadaiwa wewe wangeshakuja na gari 😂 Pole dada.

KalamuNyekundu
Achana na mtu anayemjua mtu. Nimefanya uhasibu hapa Arusha miaka mingi. Uhakiki maana yake wanachukua risiti zako moja moja na kuzilinganisha na alichotangaza aliyekuuzia. Kama risiti haina TIN (namba ya mlipakodi) na VRN (namba ya usajili wa VAT) yako, hiyo inatupwa. Iliyopita miezi sita kabla hujaiingiza kwenye ritani, umeisamehe mwenyewe. Na nikuulize, hujaingiza na buni humo? Buni ya mkulima haina VAT, huna cha kudai.

KahawaChungu
Buni sijaweka, najua. Ila mkuu, nimefungua droo ya risiti sasa hivi nimeishiwa nguvu. Droo iko ukutani nyuma ya mashine ya kukaangia. Risiti za EFD (mashine ya risiti ya muuzaji) za maboksi zimekuwa nyeupe pee, nyingine zimegeuka kahawia. Nimeishika moja kwenye taa, inasomeka "18" tu.

KalamuNyekundu
Karatasi zile hazipendi joto, na wewe umeziweka jikoni kabisa. Rudi kwa muuzaji, kumbukumbu ziko kwenye mashine yake, akupe nakala. Kuanzia leo risiti ikiingia ipige picha hapohapo.

Mama_Ngarenaro
Mimi nasafirisha vikapu. Swali langu ni lingine: mzigo wako unaondokaje? Nyaraka za forodha zimeandikwa jina la nani?

KahawaChungu
Mzigo wangu ni mdogo, kilo mia mbili tatu. Wakala anauchanganya na wa watu wengine, unapandia ndege KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Ngoja niangalie faili.

KahawaChungu
Jamani. Msafirishaji ameandikwa wakala. Safari zote nne. Mimi sipo popote, hata TIN yangu haipo.

Mama_Ngarenaro
Ndicho nilichokuwa nakiogopa. Yalinikuta hayohayo.

KalamuNyekundu
Basi hapo ndipo penyewe. Kwenye makaratasi aliyesafirisha kahawa ni yeye, wewe hujauza nje hata gramu. Na 0% inasimama kwa ushahidi kwamba mzigo ulitoka nchini ukiwa wako. Wakikukazia, mauzo hayo yanaweza kuhesabiwa ya ndani na ukadaiwa 18%, kwa hiyo usiende kugombana dirishani. Anza na wakala: barua yake kwamba alibeba kwa niaba yako, ankara ulizomtumia mnunuzi, hati ya ndege, na taarifa ya benki inayoonyesha hela ya Mjerumani imeingia kwako. Ombeni forodha warekebishe. Ombi jipya usitume juu ya lile, utawachanganya. Kagua pia kama una deni la kodi nyingine, kwa sababu huwa wanalikata humohumo kabla ya kukulipa.

Kiboriloni1
Hapo sasa nimenyamaza.

KahawaChungu
Nimempigia wakala. Ananijibu kwa upole kabisa, "Dada, tulifanya hivyo kukurahisishia." Kesho saa mbili niko mlangoni kwake. Mama Ngarenaro, barua uliyoandikiwa wewe bado unayo? Nitumie pm niione ilivyokaa.