Tupeane uzoefu: mwanamke uliyewahi kuchukua fomu, ndani ya chama ulikutana na nini?

Binti Ruvuma (mleta mada)

Wadau, habari za leo. Swali hili ni la wanawake mliowahi kugombea, hata kama ni ujumbe wa serikali ya kijiji, na wanaume mliosimama na wake, dada au mama zenu.

Kila uchaguzi ukiisha tunahesabu wanawake waliopo bungeni. Mimi naomba tuangalie walipopitia. Bunge la Tanzania lililochaguliwa 2020 lilipewa wanawake 113 wa viti maalum (viti vya wanawake ambavyo vyama hugawiwa bila mtu kugombea jimbo), lakini walioshinda majimboni hawakufika 30, na majimbo yalikuwa 264. Kwenye viti maalum Katiba imeweka kiwango: wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Majimboni chama hakilazimishwi kitu. Na kwa kuwa Tanzania hairuhusu mgombea binafsi, mwanamke akikatwa na chama chake, mpiga kura hata jina lake halioni.

Mama yangu mdogo aliomba udiwani, nikamsindikiza. Alijieleza vizuri, ukumbi ukapiga makofi. Usiku ule wajumbe, wale wanachama wanaopiga kura ya kuteua mgombea, wakaitwa nyumbani kwa mtu. Yeye hakuitwa, na hata angeitwa, saa tano usiku angekwenda na nani? Kesho yake wale wale waliompigia makofi walimkwepa macho. Msemo wa "wajumbe si watu wazuri" watu wanauchekea, ila mimi niliuona ukimtoa machozi mtu mzima.

Karibuni.

Mama Viti

Asante mleta mada. Mimi ni diwani wa viti maalum na kazi hii naipenda, lakini acheni niseme inavyouma.

Sina kata. Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mwenyekiti ni diwani wa kata, mimi ni mjumbe. Ajenda ya zahanati niliifuatilia mwenyewe halmashauri, nikajua fedha zimekwama wapi. Siku ya kikao ikasomwa kama taarifa ya mwenyekiti, halafu nikaombwa nitoe neno la shukrani. Nilisimama, nikashukuru, kisha nikaeleza bati ngapi bado na fundi anadai nini. Ukumbi ukanyamaza. Tangu siku hiyo diwani mwenzangu anaamini nataka kiti chake.

Na mwananchi akiwa na msiba au ada ya mtoto haulizi kama wewe ni wa kata au wa viti maalum. Anabisha hodi. Wabunge wetu wa viti maalum nao ni hivyo hivyo: mfuko wa jimbo hawana, maombi wanapokea kama wenzao.

Msema Kweli

Basi viti maalum vifutwe! Miaka yote hii vinawalemaza. Kila mwanamke mwenye uwezo anakimbilia huko badala ya kupambana jimboni.

Binti Ruvuma (mleta mada)

Kaka Msema Kweli, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Rais Samia aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalum, akaja kushinda ubunge wa Makunduchi 2010. Halima Mdee aliingia bungeni 2005 kwa viti maalum, 2010 akalichukua jimbo la Kawe. Vyama tofauti, njia ile ile. Ukivifuta leo, wengi wa aina hiyo hutawasikia kamwe.

Ninachokililia ni kwamba kutoka viti maalum kwenda jimboni kila mmoja anajitafutia mwenyewe. Waziri Mkuu kwa Katiba yetu lazima atokane na mbunge wa jimbo, kwa hiyo zaidi ya wanawake mia walikaa mle ndani wakiwa hawawezi hata kufikiriwa kwa nafasi hiyo. Chama kikitenga majimbo kadhaa ambako wagombea wote wa kura za maoni (mchujo wa ndani ya chama) ni wanawake, tutaona mabadiliko ndani ya uchaguzi mmoja. Hiyo haihitaji kubadilisha Katiba, ni uamuzi wa vikao vya chama tu.

Ila tusihame kwenye mada, tunataka visa vya watu.

Wanjala wa Bungoma

Hamjambo majirani. Huku Kenya nilitafuta tiketi ya kuwania uwakilishi wadi. Tuna viti 47 vya wawakilishi wanawake, kimoja kila kaunti, na ni jambo zuri. Lakini kila boma nililoingia wazee waliniambia, "Binti yetu, kiti chenu akina mama kiko kule kaunti, hiki waachie vijana." Yaani kiti kilichowekwa kutuongezea nafasi wamekigeuza kuwa mpaka wetu! Siku ya mchujo karatasi zilifika jioni giza likiingia, na akina mama walionisubiri tangu asubuhi walikuwa wamerudi kukama ng'ombe.

Katiba yetu ya 2010 inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Bunge lilikwepa kupitisha sheria ya kutekeleza hilo mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Sheria nzuri bila chama kutaka, dada zangu, mtangoja sana.

Baba Neema

Mimi ni mwanaume, mke wangu aligombea uenyekiti wa kijiji. Swali alilokuwa anaulizwa kila mkutano: "Mumeo amekuruhusu?" Mwanzoni nilikuwa nasimama najibu nimemruhusu, watu wanashangilia. Mke wangu akaniambia nyumbani kwa upole, mume wangu, ukijibu hivyo wanaona wewe ndiye mgombea. Mkutano uliofuata nilinyamaza, akajibu mwenyewe: "Niulizeni kuhusu shamba la kijiji lililokodishwa bila mkutano mkuu." Hapo ndipo kampeni ilipoanza hasa. Wanaume wenzangu, kazi yetu ni kuwasha pikipiki, kulea watoto jioni na kufunga midomo.

Mdada wa Chuo

Mimi niliishia njiani. Nilitangaza nia tu, picha yangu ya harusini ikakatwa, mtu aliyekuwa pembeni yangu akafanywa kuwa "mfadhili" wangu. Alikuwa mjomba. Ikazunguka magrupu yote ya wilaya. Mama yangu aliumwa presha. Sijarudi, na simlaumu yeyote anayeacha.

Mama Viti

Pole sana mwanangu. Hilo si dogo.

Nyamizi

Mimi ni diwani wa kata, nimeshinda dhidi ya wanaume, nami nawapa nilivyofanya.

Sikuanza mwaka wa uchaguzi. Nilianza na kamati ya shule, nikawa mweka hazina wa kikoba. Tukaunda vikundi tukaomba ule mkopo wa vikundi unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nikajuana na akina mama wa vitongoji vyote. Nilipouliza wangapi wana kadi za chama, karibu wote hawana, au wanazo lakini majina hayapo kwenye daftari la tawi. Wanapika na kuimba kwenye mikutano, ila siku ya kura za maoni hawamo! Tukaanza na hilo: kadi, ada ilipwe, na jina lako ulione kwa macho yako kwenye daftari. Katibu wa tawi alituzungusha sana, tukawa tunakwenda wanne wanne, mmoja anaandika tarehe na jibu alilotoa.

Siku ya kura tulifika mapema na vyakula vyetu, tukakaa mpaka kura ya mwisho ihesabiwe. Matokeo tuliyaandika hapo hapo na kuyapiga picha.

Mleta mada, mwambie mama mdogo aanze na daftari la tawi lake mwezi huu, asingoje fomu zitoke. Akizungushwa, aniandikie, nimwelekeze barua ya kwenda kwa katibu wa kata inavyoandikwa.