Printa imekataa wino baada ya kuapdeti, hii ni haki kweli?

Wakuu habari za jioni.

Nina steshenari ndogo Mabibo karibu na hosteli, kopi na kuprinti ndo vinanilisha. Mwaka jana nilinunua printa ya rangi, mpya kabisa kwenye boksi. Katriji yake original bei haishikiki kwa hiyo nikawa natumia za kujazwa kama wenzangu wote huku mtaani, zinatoa rangi safi na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Sasa Jumatatu asubuhi nimewasha, kompyuta ikaniuliza kama niapdeti printa, nikabonyeza ndiyo, ikazima ikawaka yenyewe, na kuanzia hapo inaandika katriji haitambuliki, itoe. Nimetoa nimerudisha, nimesafisha zile shaba za chipu kwa pamba na spiriti, wapi. Katriji ileile iliyoprinti Jumapili usiku! Kuna binti wa chuo alikuwa amesimama kaunta na flashi mkononi, ripoti ya field anatakiwa kuikabidhi saa nne, ikabidi nimwelekeze kwa jirani. Hiyo imeniuma kuliko hela.

Kampuni siitaji. Ninachouliza, kitu nimeshakilipia chote, kiko mezani kwangu, umeme nanunua mimi, wao wanapata wapi ruhusa ya kuja kubadilisha masharti baadaye? Na kuna namna ya kuirudisha ilivyokuwa?

FundiAggrey
Pole sana mkuu. Hizi naletewa karibu kila wiki hapa Kariakoo. Ile chipu haiboreshi wino hata kidogo, kazi yake ni kuhesabu matumizi na kujitambulisha kwa printa, sasa apdeti inakuja na utaratibu mpya wa kutambua, chipu ya zamani ya kuiga inadakwa. Hauko peke yako, Septemba 2016 printa nyingi za HP zilianza kukataa katriji za makampuni mengine kwa mpigo, watu wakapiga kelele mpaka kampuni ikatoa programu ya kuondoa kizuizi.

Kurudisha programu ya zamani baadhi zinakubali, nyingine zimefungwa. Usiokote faili mtandaoni ukajaribu mwenyewe, umeme ukikatika katikati bodi inakufa. Anza na chipu mpya, wauzaji nao huwa wanatoa za kufuata apdeti. Ikikubali tu, zima apdeti za kujiendesha, toa waifai, tumia waya.

Mzalendo_Ubungo
Mi natofautiana kidogo. Wino mbovu upo mjini, nimeshuhudia hedi, ile sehemu inayotema wino, imeziba kabisa. Na hizo printa zinauzwa bei rahisi kwa sababu faida yao iko kwenye wino.

Mleta mada
Mkuu hilo la wino mbovu nakubali. Wakisema nikitumia wino wa nje garantii imekufa, sawa, hasara ni yangu. Lakini printa ilikuwa nzima, wino haujaziba kitu, imezuiwa tu. Na kama bei ilikuwa na sharti ndani yake wangeliandika juu ya boksi kwa herufi za kusomeka nikachagua mwenyewe.

Wakili wa Mtaa
Marekani hili lilifika Mahakama ya Juu, 2017, kati ya Lexmark wanaotengeneza printa na kampuni ya kuuza katriji za kujazwa inaitwa Impression Products. Ikaamuliwa kwamba ukishauza katriji, haki yako ya hataza (patent, yaani ya mwenye uvumbuzi) juu yake imeishia hapo, aliyenunua akiijaza akaiuza huwezi kumshtaki kwa hataza. Ila hukumu haikugusa chipu, ndo maana makampuni yanamalizia kwenye programu kile walichokikosa mahakamani.

Na sisi kufungiwa namna hii tumeshakuishi kwenye simu jamani. Mnakumbuka kumtumia hela mtu wa mtandao mwingine, anapata meseji yenye namba ya kuchukulia hela aende kwa wakala wa mtandao wako, akichelewa hela inarudi? Kuanzia 2014 mitandao ikaanza kupokeleana moja kwa moja, na 2017 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikaruhusu kuhama na namba yako. Hakuna mtandao uliokufa kwa hilo. Kwa hiyo tukiambiwa kufunga ni lazima kiufundi mimi sikubali.

MamaSteshenari
Uza hiyo nunua ya matenki. Mimi niko na Epson L3110, wino unamimina toka kwenye chupa, haina habari ya katriji. Ila ujue nayo ina lake, ikifikisha hesabu ya wino taka inagoma, taa zinawaka kwa kupokezana, unamwita fundi abadilishe pedi inayofyonza huo wino na kuriseti. Pedi kweli inajaa, hilo siwalaumu, ila kwa nini mwenye printa asipewe njia ya kuriseti mwenyewe?

Mleta mada
Asanteni wote. Leo nimepita kwa fundi, chipu mpya imekubali, picha ya kwanza imetoka saa kumi na dakika kadhaa. Waifai nimetoa. Mchana anakaa mdogo wangu dukani, kwa hiyo nimebandika karatasi pembeni ya skrini: UKIULIZWA KUAPDETI PRINTA BONYEZA HAPANA, NIPIGIE.