Mrejesho: Ile ndago yenye vichwa vya miiba

Ndugu zangu, niliuliza kama ndago (mmea unaofanana na nyasi) niliyoikuta kwenye msitu wa bonde la mto huku Ohio, Marekani, ni ya aina ya Carex grayi au Carex intumescens. Nimerudi na lenzi. Shina lina pembe tatu kama la ndago, hilo halikuwa na ubishi. Kilichoamua ni vifuko vya mbegu: nimehesabu 22 katika kichwa kimoja, vimechomoza pande zote hadi kikawa kama mpira wa miiba. Intumescens huwa na vichache, kwa kawaida havizidi 12, tena vinang'aa na chini ni vya mviringo. Hivi vyangu havina mng'ao, na chini vimechongoka kama kabari. Ni grayi! Asanteni sana mlioniambia niache majani nitazame vifuko.