Natafuta giaboksi ya overdraivu ya Volvo Amazon, niko Mombasa. Nisaidieni mawazo

Mwana_wa_Kibokoni:

Asalaam aleikum jamaa. Nina Volvo Amazon 122S ya 1967, gari la marehemu babangu. Alifanya kazi bandarini Kilindini miaka yake yote, na gari hili ndilo lililokuwa likitupeleka Nairobi kila Disemba. Giaboksi yake ni M41, yaani gia nne na overdraivu ya Laycock iliyofungwa nyuma yake, ile gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini ukiwa mwendo wa kasi. Ukishaingia gia ya nne unasukuma kijiti kilicho chini ya usukani, unasikia "tak" chini ya miguu, kisha injini inashusha pumzi. Mlio ule naujua tangu nikiwa mtoto nimelala kiti cha nyuma.

Mwezi uliopita nikirudi kutoka Mariakani, gia ya pili ikaanza kusaga. Nikapeleka gereji moja, giaboksi ikashushwa, kifuniko kikafunguliwa. Gia ya pili imevunjika meno mawili, na ile shafti ya chini nayo imeliwa. Fundi kaniambia hapo hapana dawa: ama nitafute M41 nzima, ama anifungie M40 ya kawaida nisahau overdraivu.

Nimeuliza kuanzia Mwembe Tayari hadi Changamwe, nimepiga simu Nairobi kwa wauza spea wa Kirinyaga Road, hakuna. Uingereza nimeona mbili mtandaoni, ila sina wa kwenda kuziangalia. Je, ninunue hivyo hivyo? Au nifunge M40 nikubali yaishe? Sitaki kuliharibu gari la mzee.

Fundi_Jomvu:

Waaleikum salaam kaka, pole. Kabla ya kutoa hata shilingi, nijibu mawili. Overdraivu yenyewe ilikuwa ikishika hadi siku ile? Na difu yako, yaani gia za ekseli ya nyuma, uwiano wake ni ngapi? Kama hujui, inua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka alama ya chaki kwenye propela (shafti ndefu itokayo giaboksi hadi nyuma) au kwenye flanji ya difu, zungusha magurudumu yote mawili pamoja mzunguko mmoja kamili, uhesabu propela imezunguka mara ngapi.

Mwana_wa_Kibokoni:

Overdraivu ilikuwa ikishika vizuri mpaka siku ya mwisho. Difu nimehesabu leo na mdogo wangu: mara nne na nusu, na kitu kidogo juu yake.

Fundi_Jomvu:

Basi ni 4.56, ndiyo waliyokuwa wakiiweka Volvo kwenye Amazon zenye overdraivu. Zisizo nayo zilipewa 4.10. Sasa angalia. Overdraivu ya aina ya D uwiano wake ni 0.756, kwa hiyo ukiwasha, ni kama difu imekuwa 3.45. Kwa tairi za 165 za inchi 15, ukienda kilomita 100 kwa saa injini yako ilikuwa ikizunguka kama mara 2,900 kwa dakika. Ukifunga M40 na kuiacha difu hiyo hiyo, itafika karibu 3,800. Kutoka Mazeras hadi Voi utakuwa unapigiwa kelele, na petroli itakwenda. Anayetaka kukufungia M40 lazima akubadilishie na difu, na spidomita nayo itasema uongo. Hiyo si njia ya mkato.

Bi_Mkubwa_Nyali:

Mwanangu, kuhusu kununua ng'ambo bila kuona, sikiliza yaliyonipata. Nilinunua giaboksi ya gari langu la zamani kwa picha mbili tu za nje, imepakwa rangi ya fedha inang'aa. Nikalipa nauli, nikalipa ushuru, nikangoja meli. Ilipofunguliwa hapa, ndani mlikuwa na maji yaliyogeuka uji wa kahawia, beringi zimeshikana. Muuzaji hakujibu tena. Ukiamua kununua, omba video kifuniko kikiwa wazi, mtu akizungusha shafti kwa mkono na kuingiza gia zote nne na rivasi. Akikataa, achana naye.

Kijana_Likoni:

Kwa nini asilete Amazon nzima ya spea? Apate na milango.

Fundi_Jomvu:

Haiwezekani ndugu. Gari lililotumika likipita miaka minane haliingizwi nchini.

Mzee_wa_Mazeras:

Nimesoma yote, na nadhani mnatafuta kitu kikubwa kuliko ugonjwa. Mwenye gari kasema overdraivu haina ubovu. Kilichokufa ni gia ya pili na shafti ya chini. M41 ni M40 iliyobadilishwa shafti kuu na kuongezewa overdraivu kwa nyuma. Gia zenyewe, shafti ya chini na shafti ya mbele ni zile zile. Kwa hiyo hutafuti M41, unatafuta M40 nzima ya kuchinja, na M40 zilifungwa kwenye Volvo za PV544, Amazon na 144. Shafti yako kuu ndiyo lulu, ilinde. Mwambie fundi asiigonge kwa nyundo anapotoa gia.

Mimi nina M40 ya 144 niliyokuwa nayo, iko stoo chini ya gunia. Ilishushwa ikiwa nzima.

Mwana_wa_Kibokoni:

Ami, hujui ulivyonituliza. Mwezi wote huu hakuna aliyeniambia hivyo. Je, ile overdraivu naweza kuirudisha kama ilivyo?

Mzee_wa_Mazeras:

Hapana! Giaboksi na overdraivu vinakunywa oili moja. Meno yaliyovunjika yamesagika, na vumbi lake la chuma limekwenda kwenye pampu. Fungua plagi ya chini, toa kichujio cha waya, kioshe kwa petroli. Toa na vali ya juu, ile yenye golori, uisafishe. Chembe moja ikikaa chini ya golori, presha haipandi.

Fundi_Jomvu:

Naongeza. Wakati wa kurudisha, simamisha overdraivu mkia ukiwa chini na ushushe giaboksi juu yake. Ndani mna seti mbili za mistari, yaani meno ya kushikana na shafti, lazima ipangane. Tumia bisibisi ndefu kuipanga. Ikibaki nafasi kubwa, usivute kwa nati, ivue uanze tena. Oili weka ya injini, 20W-40 au SAE 30. M40 ndiyo hutumia oili ya gia ya 80, wengi hukosea hapo. Na usiingize rivasi overdraivu ikiwa imeshika, utavunja klachi yake ya ndani.

Mwana_wa_Kibokoni:

Nimepiga picha majibu yote haya nimeyatuma kwa fundi, na shafti kuu nimeichukua leo, iko nyumbani imefungwa kwa kitambaa chenye oili. Ami wa Mazeras, nikija Jumamosi asubuhi utakuwepo? Nitakuja na mdogo wangu, tufungue kifuniko tuhesabu meno pamoja kabla hatujaongea bei.

Mzee_wa_Mazeras:

Nipo. Njooni mapema kabla ya jua kali, na mje na spana zenu za inchi.