Picha ya kitambaa ya mnara wa saa: vipande 60 kutoka kwa watu 30 vitaunganaje?

Mshona_Pindo: Habari wakuu. Kikundi chetu kinataka kushona picha ya mnara wa saa, upana mita 1.8, urefu mita 3, itundikwe ndani ya ukumbi. Mpango ni miraba 60 ya sm 30, kila mtu aondoke na miwili akatie viraka na kudarizi. Wapo mafundi wa cherehani, wapo ambao hawajawahi kushika sindano. Vikirudi tutaviunganishaje bila mistari ya mnara kupishana?

BandiKwanza: Adui wenu ni milimita. Nafasi ya mshono (kutoka ukingo wa kitambaa hadi uzi unapopita) ikiwa sm 1 na mtu akashona kwenye 1.2, mraba unapungua milimita 4. Kwenye safu ya miraba 10 hizo ni sm 4, na safu ya jirani haijapungua. Hapo pasi haisaidii kitu.

Kwa hiyo asiwepo mshiriki wa kukata saizi ya mwisho. Nunueni marikani ya jora moja, ifueni na kuipiga pasi kabla ya kukata, maana pamba hurudi. Kateni miraba ya sm 36, kwa sababu kudarizi huvuta kitambaa. Kila mraba uchorwe mstari wa mshono wa sm 30, nyuma uandikwe namba (A1 hadi F10) na mshale wa juu. Ukingo wa mnara unapokatiza mstari huo, wekeni alama kwenye miraba yote miwili inayopakana, na kiraka kipite mstari kwa sm 1.5. Vikirudi, vilowesheni, vinyoosheni kwa pini juu ya ubao, vikikauka kateni vyote sm 32 kwa kiolezo kimoja. Kuunganisha kufanywe na mtu mmoja kwa cherehani moja.

Kiolezo: Nakubaliana na hesabu ya BandiKwanza, ila mimi ningeacha miraba kabisa. Mnara ni mistari mirefu iliyonyooka, na jicho hulikamata kosa la milimita 3 papo hapo. Mafundi wawili watatu washone anga, ardhi na mwili wa mnara kwa vipande vikubwa. Wengine wote watengeneze mawe, madirisha, majani, ndege: kila kimoja kikatwe kwa kiolezo cha karatasi ngumu, kiongezwe milimita 6 za kukunjia ndani, kipigwe bandi (mshono mlegevu wa muda), ndipo kishonwe picha ikiwa imetandazwa mezani. Jiwe la asiye fundi likipinda, bado ni jiwe. Uso wa saa tu mpeni mwenye mkono wa uhakika. Duara likikosea, mnara mzima unaonekana kulemaa.

Mshona_Pindo: Hilo la mawe limenikaa. Tumepewa nguo kuukuu nyingi, nyingine nyekundu. Na kutundika?

BandiKwanza: Nyekundu na buluu iliyoiva zipimeni kwanza: lowesha kipande, kifunike kwa kitambaa cheupe, piga pasi ya moto. Cheupe kikipata rangi, hiyo inachuja. Fueni hadi iishe, isipoisha iacheni. Nguo za kunyumbuka wekeni kando, zitavimba kati ya pamba.

Kutundika, shoneni nyuma, ukingo wa juu, mfuko wa upana wa sm 10 wa kupitisha ufito. Uachwe umelegea kidogo upande wa ufito, la sivyo picha itatokeza mgongo mbele. Mshono wa mfuko ushike bitana na tabaka lililo kati yake na uso wa picha, si bitana peke yake, maana uzito wote unaning'inia hapo. Ufito ushikwe pia katikati, kwani kwa mita 1.8 wa mbao nyembamba utabonyea. Na msiitundike mkabala na dirisha lenye jua.